Siku 20 jangwani Marekani kwa gari-nyumba: tulilala wapi, na nani alitugongea usiku

Mkwe wa Kalenga (mleta uzi)

Wakuu salaam. Tangu nipandishe zile picha za mchanga mweupe watu wananifuata pembeni na maswali yaleyale: mlilala wapi, mlilipa nini, polisi hawakuwasumbua? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ngoja nishushe uzi. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Naishi Texas, si mbali na Dallas. Mwaka juzi nilinunua RV iliyotumika. Kwa ambao hawajaziona, ni gari-nyumba: mbele kichwa cha gari kubwa la kawaida, nyuma vitanda, jiko la gesi, friji, sinki na choo. Yangu ina futi 27, yaani mita nane na kidogo, na injini yake ya V10 inakunywa petroli bila huruma. Lita moja inakupeleka kilomita tatu na nusu, tena upepo ukiwa nyuma yako.

Februari mwaka jana mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Iringa. Mke wangu akasema tumtembeze mama. Mimi kichwani nilikuwa na wikendi moja San Antonio, kumbe mwenzangu ana ramani ya jangwa lote la kusini-magharibi: New Mexico, Arizona, kona ya Nevada, kusini mwa Utah, ndipo turudi. Siku 20. Mimi, mke, mtoto wa miaka minne na mama mkwe, ndani ya futi 27. Anayejua desturi zetu za heshima kati ya mkwe na mama mkwe ameshaelewa kwamba jangwa lenyewe lilikuwa tatizo la pili.

Kwa nini Februari? Kwa sababu kiangazi kule si mchezo. Mwaka 2023 Phoenix ilipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi. Kampuni nyingi za kukodisha RV hukukataza kabisa kuingia nalo Death Valley, lile bonde la joto kali la California, miezi hiyo. Jangwa la chini (Tucson, Yuma, Quartzsite) watu huliendea kuanzia Novemba hadi Machi. Wastaafu wa majimbo ya baridi na wa Kanada hushuka huko kwa maelfu, wanaitwa ndege wa theluji. Lakini usidanganyike na neno jangwa. Flagstaff iko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, inaanguka theluji kama haina dini. Na hata kule chini, jua likizama, sweta utaitafuta.

Sasa malazi. Mama mkwe ndiye aliyetuongoza, bila yeye kujua. Kila nilipozima injini alikuwa anachungulia dirishani na kuuliza: "Baba Tumaini, hapa ni kwa nani?" Siku mbili za kwanza nilimjibu kwa kumridhisha tu. Usiku wa saba nikajua kwamba mama alikuwa anauliza jambo la maana kuliko programu zote tatu za ramani nilizopakua kwenye simu.

Kwa sababu jangwa lile unaliona tupu, macho hayafiki mwisho, hakuna ng'ombe wala kibanda, unasema hii ni pori la Mungu. Sivyo. Kila kipande kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana masharti yake:

Ardhi ya BLM, shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi za umma. Hii ndiyo neema. Sehemu nyingi unalala bure, kwa kawaida siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unahama. Hakuna maji, hakuna umeme, hakuna choo. Unaingia na chako, unatoka na taka zako.

Misitu ya taifa inafanana na hiyo, ila kila msitu una ramani inayoonyesha barabara gani unaruhusiwa kulala kando yake.

Ardhi ya dhamana ya jimbo la Arizona. Hapa wengi hunaswa. Inafanana kabisa na ya BLM, wakati mwingine zimetenganishwa na waya tu au hata kibango. Hii inataka kibali, sisi tulilipa dola 20 kwa familia kwa mwaka, mtandaoni, dakika tano. Mapato ya ardhi hizi yanakwenda hasa kwenye shule za umma, ndiyo maana hawana utani.

Ardhi ya Wanavajo, Wahopi na mataifa mengine ya wenyeji. Hapo husimami usiku porini kiholela hata kama huoni mtu kilomita ishirini. Ni nchi ya watu. Unalala kwenye kambi yao na unalipa. Na pombe hairuhusiwi katika ardhi ya Wanavajo, hata ile ya kwenye friji yako.

Halafu kuna miji, maduka makubwa na vituo vya malori. Hayo yana hadithi yake, nakuja.

---

Kipara Mjasiri

Nakaa hapa na karanga zangu. Mkuu tiririka, ila ujibu kwanza: choo mlifanyaje na mama mkwe yumo humo humo?

---

Binti Chumbageni

Kipara wewe! Lakini na mimi nataka jibu.

---

Mkwe wa Kalenga

Nilijua.

Choo kipo ndani, kabati moja dogo lenye mlango mwembamba kama wa kabati la vyombo. Kutoka kitini kwangu hadi pale ni hatua tatu. Siku ya kwanza mama alikataa maji, chai na uji tangu asubuhi. Mke wangu akanivuta pembeni: mama hawezi kwenda haja mkwe akiwa pale. Basi tukaweka sheria isiyotamkwa. Mama akisimama na kuvaa kanga ya pili, mimi nakumbuka kwamba tairi zinahitaji kukaguliwa. Ndani ya siku 20 sijui nimekagua tairi mara ngapi. Nilizijua mpaka tarehe za kuzaliwa, maana ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka zilipotengenezwa. Nikagundua moja ina miaka tisa. Kashata zake, yaani meno ya tairi, bado nzuri, lakini mpira umezeeka, nyufa ndogo pembeni. Tairi za RV huchoka kwa umri kabla ya kuchoka kwa mwendo, kwani gari linashinda limesimama juani. Tulibadilisha Tucson. Kwa hiyo heshima ya ukwe pengine ilituokoa na tairi kupasuka barabara kuu ya I-10.

Kuhusu majitaka: kuna tangi mbili chini, moja ya choo na moja ya maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Zikijaa unakwenda sehemu maalumu ya kumwagia, unavaa glovu, unaunga bomba, unafungua la choo kwanza, kisha la maji ya sabuni ili yasafishe bomba. Ukikosea mpangilio utajuta mwenyewe. Kumwaga ardhini ni kosa, na ni ushenzi.

Maji safi ndiyo yanayoamua utalala porini siku ngapi. Tangi letu ni lita kama 115 kwa watu wanne. Adui mkubwa wa tangi hilo, nawaambia bila aibu, ni sufuria ya ugali. Ukoko ule unakula lita saba kwa mkupuo. Tukajifunza kuukwangua, kupangusa kwa karatasi, ndipo maji kidogo. Baada ya hapo tukahamia wali na viazi, ugali ukabaki kwa siku za kambi zenye bomba.

---

TrelaMbili

Niko kwa barabara miaka kumi na moja, natoka Nakuru, navuta trela kati ya Texas na California. Nasoma tu nikingoja ufike hapo kwa vituo vya malori. Ongea ukweli bana.

---

Mkwe wa Kalenga

Haya, usiku wa saba.

Usiku wa kwanza tulilala eneo la mapumziko la barabara kuu huko magharibi mwa Texas. Jimbo linaruhusu kukaa mpaka saa 24, New Mexico vilevile, California ni saa 8 tu. Usiku wa pili na wa tatu tulikuwa Oliver Lee, bustani ya jimbo iliyo chini ya milima karibu na Alamogordo, tukawa tunaenda White Sands mchana. Ndani ya White Sands hakuna kulala na RV. Mchanga wenyewe si mchanga wa kawaida, ni jasi, mweupe, na hata mchana haukuunguzi mguu. Mama mkwe alivua viatu akatembea kilimani peke yake, akakaa huko juu karibu saa nzima. Sikumuuliza alikuwa anawaza nini. Mjue tu kwamba eneo limezungukwa na uwanja wa kijeshi wa kujaribia makombora, na wanapojaribu barabara ya US 70 hufungwa kwa saa moja au zaidi. Usipange safari kwa dakika.

Tucson tulilala mara mbili Gilbert Ray, kambi ya kaunti iliyo katikati ya saguaro, yale madungusi marefu yenye mikono. Usiku wa sita ardhi ya dhamana ya jimbo, kwa kibali chetu, tuli.

Usiku wa saba nikapata kiburi. Tulichelewa, giza limeingia, nikafungua programu ya simu inayoonyesha sehemu za kulala bure. Ikanipeleka kwenye uwanja wa duka kubwa katika mji mdogo wa Arizona, sitautaja. Maoni yanasema salama, watu wamelala. Sikuangalia kwamba maoni yenyewe ni ya miaka minne nyuma. Sikuingia dukani kumuuliza meneja. Nikapaki pembeni, tukalala.

Saa saba na dakika arobaini usiku: ko ko ko. Taa nyekundu na bluu zinazunguka kwenye pazia. Mimi ni mtu mweusi, niko mji nisioujua, familia iko nyuma yangu. Niliwasha taa ya ndani, nikaweka mikono juu ya usukani, nikasubiri aseme yeye kwanza. Nyuma nikasikia sauti ya mama: "Ni nani? Mwambie usiku umetukuta njiani."

Nikamtafsiria askari maneno ya mama mkwe. Nilikuwa sina jingine la kusema. Akatabasamu, akaelekeza tochi yake kwenye kibao kilichofichwa na mti: amri ya mji, hakuna kulala kwenye magari. Duka halikuwa na neno, mji ndio wenye neno. Akasema kuna kituo cha malori maili kumi na mbili mbele. Hakuandika faini.

Tukaenda. Kituo kimejaa malori mpaka kwenye njia za kutokea. Nafasi moja tu ilikuwa wazi, ndefu, ya lori. Nikaingia. TrelaMbili, nakuomba radhi kabla hujaandika.

---

TrelaMbili

Nilijua tu! Sikiza, mimi nakuongelesha kama ndugu.

Dereva wa lori huku ana saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, kisha lazima apumzike saa 10. Tangu Desemba 2017 kuna mtambo wa kielektroniki ndani ya kichwa unaohesabu dakika. Hauna huruma. Saa zikiisha na hakuna nafasi, uko na mambo mawili: uvunje sheria uendelee, ama ulale pale kwa njia ya kutokea barabara kuu ukiomba mtu asikugonge. Wewe na nyumba yako hakuna mtu anakuhesabia saa. Unaweza enda mbele maili hamsini, unaweza lala kwa ardhi ya BLM. Mimi na trela ya futi 53 nitaingia wapi kwa hiyo changarawe?

Na hii si hadithi ya kulalamika tu. 2009 kuna dereva anaitwa Jason Rivenburg, alifika mapema mahali pa kupeleka mzigo, hawakumruhusu kuingia, akalala kwa kituo cha mafuta kilichoachwa. Akauawa hapo na mwizi. Mke wake alipigana mpaka sheria ya nafasi za malori ikapitishwa 2012, inaitwa kwa jina la huyo dereva. Miaka imepita na bado tunazunguka usiku tukitafuta nafasi.

Vituo vingi vikubwa viko na sehemu za RV, karibu na magari madogo. Uliza kwa kaunta. Kama zimejaa, zimejaa, songa mbele. Na ukilala hapo nunua mafuta ama chakula, usikuje na jenereta ukawashe usiku kucha chini ya dirisha langu.

---

Mkwe wa Kalenga

Nimekoma mkuu. Na adhabu niliipata palepale. Saa tisa na nusu lori likasimama mbele yangu, dereva akashuka, hakupiga honi wala kugonga. Alisimama tu kwenye taa zake akilitazama gari langu, kisha akapanda akaondoka. Mama mkwe alikuwa macho. Akaniuliza, polepole: "Hapa napo, ni kwa nani?" Tukawasha, tukaondoka. Tulimalizia usiku kwenye eneo la mapumziko, tumekaa vitini.

Tangu siku hiyo utaratibu wetu ukawa hivi: tunajua tunalala wapi kabla ya saa tisa alasiri, na tunafika jua bado lipo. Duka napiga simu mwenyewe mchana, naongea na meneja wa duka lilelile, maana Walmart moja inakubali na ya mji wa pili inakataa, na hata meneja akikubali namuuliza amri ya mji inasemaje. Usiku wa mwisho, Amarillo, tulilala hivyo kwa ruhusa. Tulinunua mchele na betri, tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi, hatukutoa viti nje wala kuwasha jiko uwanjani. Pale ni mahali pa kulala, si kambi.

---

Mwana Lushi

Bandugu, jambo kwenu. Miye niko Tucson tangu 2016, tulifika na familia kutoka kambi ya wakimbizi. Hapa tuko wengi tunaosema Kiswahili, Wakongomani, Warundi, kanisani ibada inaendeshwa kwa lugha yetu.

Umesema White Sands. Kaskazini mwa uwanja ule ndiko walilipua bomu la kwanza la atomiki, tarehe 16 Julai 1945. Na sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa bomu hilo ilitoka kwetu Katanga, mgodi wa Shinkolobwe. Baba yangu alizaliwa si mbali na pale. Nilipopita US 70 mara ya kwanza nilisimamisha gari pembeni. Basi, nimesema tu.

Mambo ya jangwa sasa. Usilale kamwe ndani ya korongo kavu, hata kama mchanga wake ni laini na tambarare, pazuri pa kupaki. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua za radi. Mvua inanyesha mlimani, mbali, wewe uko juani, halafu maji yanakuja na magogo. Arizona kuna sheria: ukizunguka kizuizi ukaingia kwenye maji na wakaja kukuokoa, gharama inaweza kuwa juu yako.

Na dhoruba ya vumbi. Wenyewe wanaiita haboob, neno la Kiarabu. Ukiona ukuta wa vumbi unakuja, toka barabarani kabisa, simama, zima taa zote, toa mguu kwenye breki. Watu wanashangaa, kwa nini nizime taa? Kwa sababu anayekuja nyuma yako haoni barabara, anafuata taa zako nyekundu akidhani unaenda, anakuja kukupiga.

---

Binti Chumbageni

Hilo la taa sikulijua kabisa. Asante kaka.

Mkwe, swali la kike: mke wako alijisikia salama porini? Mimi na dada yangu tunafikiria kwenda wawili tu.

---

Mkwe wa Kalenga

Nimemwita, anaandika mwenyewe:

"Habari dada, ni Mama Tumaini. Niliogopa zaidi kwenye uwanja wa duka kuliko porini. Porini usiku ukisikia gari unalisikia tangu mbali. Mambo yangu ni haya: gari lipakiwe likiangalia njia ya kutokea, kiti cha dereva kisiwekewe vitu, ufunguo sehemu moja kila siku. Tukifika mahali na roho yangu ikakataa, tunaondoka, hatujadiliani. Tuliondoka mara moja hivyo, mwenzangu alinuna hadi Nevada. Msitegemee simu, mtandao unakufa kabisa maeneo mengi, pakueni ramani mapema na mtu wa nyumbani ajue mnalala wapi. Na msilete jiko la mkaa ndani hata kama baridi inauma, kile kifaa cha kugundua hewa ya sumu kijaribuni kila wiki. Quartzsite ndiyo nzuri kwenu, kuna wanawake wengi wazee wanasafiri peke yao, watawapokea."

Narudi mimi. Quartzsite nilikuwa nimeiweka ya mwisho kwa kuwa naipenda. Ni kijiji cha Arizona karibu na mpaka wa California, wakazi wa kudumu 2,400 tu, lakini baridi ikianza jangwa zima linajaa RV mpaka upeo wa macho. BLM wana maeneo ya kukaa muda mrefu pale, La Posa ndilo kubwa. Msimu ni 15 Septemba hadi 15 Aprili, tulilipa dola 40 kwa siku 14, na kwa msimu mzima ilikuwa dola 180. Kwa pesa hiyo unapata bomba la maji, sehemu ya kumwaga majitaka na mapipa ya taka. Asiyetaka kulipa anasogea kando ya barabara ya Plomosa, analala bure siku zake 14.

Tulikaa usiku nne. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kanada mwenye mbwa kipofu. Alinionyesha jambo ambalo nisingeliwaza: usiku anaacha boneti wazi na taa ndogo ndani ya injini, kwa sababu kuna panya wa jangwani wanaojenga kiota kwenye injini na kutafuna nyaya. Nikacheka. Asubuhi nikafungua yangu nikakuta vijiti na vipande vya dungusi vimepangwa vizuri juu ya betri. Sikucheka tena.

Na pale makaburini kuna piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia juu yake. Ni kaburi la Haji Ali, mtunza ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856 walipojaribu kutumia ngamia jangwani. Wazungu walishindwa jina wakamwita Hi Jolly. Alifariki 1902. Mama mkwe alipoelezwa alisimama pale akasema, "Pole baba, umelala mbali." Kisha, mnajua tena: "Hapa ni kwa nani?" Nikamjibu safari hii ni kwake yeye Haji.

---

Kipara Mjasiri

Mama mkwe apewe uzi wake.

Gharama je? Nipe namba, maneno matamu tumeyasikia.

---

Mkwe wa Kalenga

Maili 3,000, kama kilomita 4,800. Petroli dola 1,240. Usiku 19: nane kambi za kulipia, jumla dola 215, nne Quartzsite kwa dola 40, saba zilizobaki bila malipo ukiondoa kile kibali cha dola 20. Tairi mpya sihesabu, ni deni la uzembe wangu. Chakula tungekula hata nyumbani. Kwa hiyo mwenye kufikiri kwamba malazi ndiyo ghali, hapana, ni injini.

Baada ya Quartzsite nitapita haraka, mambo yalikuwa mepesi. Usiku mbili Overton, Nevada, juu ya kilima cha BLM, karibu na Valley of Fire. Mbili karibu na hifadhi ya Zion, Utah. Pale kuna handaki la barabara la mwaka 1930, jembamba. Kwa upana wa gari langu tulilipa dola 15 wakasimamisha magari ya upande wa pili tupite katikati. Hifadhi ilitangaza kuyaondoa magari makubwa kwenye barabara hiyo kuanzia Juni 2026, kwa hiyo ulizieni kabla.

Kisha Lone Rock, ufukweni mwa Ziwa Powell, ambako nilizama. Unaruhusiwa kulala kwenye mchanga karibu na maji. Wote wenye akili walikuwa wamepaki juu, penye ardhi ngumu. Mimi nikaona nafasi nzuri chini. Gurudumu za nyuma zikachimba mpaka ekseli. Wastaafu watatu wakaja na makoleo na mbao, hawakuuliza kitu, mmoja akaanza kupunguza upepo wa tairi zangu kana kwamba ni zake. Saa mbili. Mama mkwe aliwapikia chapati. Sijawahi kuona chapati zinaliwa vile.

Monument Valley, kwa Wanavajo, tulilala kambi ya kulipia. Kumbukeni saa: Arizona haisogezi saa mbele kiangazi, lakini Wanavajo husogeza, na Wahopi walio katikati yao hawasogezi. Februari wote wako sawa, ukienda Julai utachelewa bila kujua kosa.

---

Salma_Upanga

Mkuu hongera. Tunapanga kuja watu watano kutoka Dar, Julai, tukodishe. Ushauri? Na hati zetu, watatusumbua?

---

Mkwe wa Kalenga

Dada Salma, kwa Julai panda juu. Flagstaff, kusini mwa Utah kule Bryce, misitu ya milimani. Jangwa la chini mlipite asubuhi bila kulala. Kwenye mkataba someni maili mnazoruhusiwa na saa za jenereta, ndiko pesa zinakotoroka.

Hifadhi: kuanzia Januari 2026 kadi ya mwaka ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani, dola 250 kwa mgeni. Bila kadi hiyo, hifadhi 11, zikiwemo Grand Canyon, Zion na Bryce, zinamtoza mgeni mwenye miaka 16 na zaidi dola 100 juu ya kiingilio. Watano, piga hesabu. Kadi inawafaa.

Hati: karibu na mpaka wa Meksiko kuna vizuizi vya walinzi wa mpaka barabarani, ndani ya nchi, hata kama hukuvuka popote. Tulikuta kimoja I-10 magharibi mwa Las Cruces. Mama alikuwa na pasipoti yake mkobani, mimi kadi yangu ya ukaazi mfukoni. Asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi anatakiwa kutembea na hati yake. Waliuliza maswali mawili, wakatupitisha. Pasipoti zisiachwe hotelini.

---

TrelaMbili

Mkwe, nimekusamehe kwa sababu ya hizo chapati. Mwezi ujao napita Amarillo kila Alhamisi, ukiwa kwa barabara unipigie.

Mama yuko aje?

---

Mkwe wa Kalenga

Nitakupigia, na nitapaki upande wa magari madogo.

Mama yuko Kalenga, mzima. Juzi alipiga simu kulalamika kwamba jirani ameegesha trekta kwenye kiwanja chake tangu Pasaka bila hodi. Amempa siku 14.